Dawa ya Uvimbe

Kuku wa Bi Mgeni ndiye pekee aliyenufaika siku ile. Muhidini alikwisha kumlaza ubavu, mabawa kayakanyaga kwa mguu mmoja, shingo kaielekeza kibla, na bismillahi iko mdomoni. Mara kisu kikamtoka, macho yakapinduka, na mwanamume mzima akaanguka chali uani kwa watu, akaanza kutupa miguu huku meno yakisagana. Kuku akasimama, akajikung'uta, akaenda zake migombani. Hakuna aliyemkumbuka mpaka jioni.

"Msimguse!" Bi Mgeni alipiga ukelele. "Hilo povu likikurukia nawe umeondoka nalo!"

Watu wakarudi nyuma. Watu wale wale ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kula kuku au mbuzi pale mtaani bila mkono wa Muhidini! Binadamu bwana. Mwanaasha, mkewe, alikuwa kwenye kundi la wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu. Alilivuka sufuria bila kujua amelivuka vipi, akapiga magoti, akamgeuza mumewe ubavu, akavua mtandio akamwekea chini ya kichwa. Povu likamchafua mkono wote. Hakujali. Alichojali ni ule ukimya wa watu waliosimama wakitazama na visu vya vitunguu mikononi.

Muhidini hakuwa mtu wa cheo. Alilima mananasi, kama nusu ya Kiwangwa inavyolima. Lakini kisu chake kiliaminika. Harusi, akika, hitima, Idi, mnyama alipitia kwake. Hakutoza kitu, alipewa ini, akaambiwa Mungu akulipe, ikamtosha. Baba yake aliwachinjia watu na babu yake kadhalika, na kwa watu wale hilo si jambo dogo: nyama ikiingia mdomoni halali au haramu, amana iko kwa mchinjaji.

Alipoanguka mara ya pili, shambani, na ya tatu, msalani, Mwanaasha aliacha kusikiliza habari za mashetani na kombe la kunywa. Mananasi yakauzwa yakiwa bado kijani, kwa bei aliyoitaka mnunuzi, wakaenda hospitali Bagamoyo, na kutoka hapo wakatumwa Dar kupiga picha ya kichwa.

Waliporudi Bagamoyo na picha, Muhidini akalazwa. Daktari alikuwa binti mdogo aitwaye Samia, mwenye adabu lakini mwepesi wa maneno, maana wodi ilijaa na kila mtu alikuwa akimwita. Aliinyanyua picha dirishani.

"Mnaona hivi vidoa? Ni vifuko. Kila kimoja kina mdudu ndani. Ni mtoto wa tegu, baba. Tegu la nguruwe."

Muhidini alikuwa amelala. Akaketi.

"La nani?"

"La nguruwe."

"Daktari, mwanangu," alisema Muhidini, "mimi ni mchinjaji. Nguruwe sijamla, sijamgusa, nikimwona njiani nabadilisha njia."

"Wala sijasema umemla. Aliyekula nyama yake haijaiva ni mtu mwingine, na huyo ndiye mwenye tegu tumboni. Akienda haja asinawe, au akijisaidia porini, mayai yanabaki mikononi mwake, yanaingia kwenye maji, kwenye mboga. Akikukatia kachumbari umekwisha yala. Yakifika tumboni yanaanguliwa, wadudu wanapanda mpaka kichwani. Inaweza kumpata sheikh, inaweza kumpata mtoto anayenyonya."

Katika kitanda cha jirani alilala mzee wa Vigwaza aliyevunjika mguu, na mkewe alikuwa akimlisha uji. Mwanaasha aliona kijiko kimesimama hewani. Neno nguruwe lilikuwa limefika kule. Yaliyofuata, ya mayai na mikono, nani ana haja nayo?

"Sasa sikiliza, mama," Daktari Samia alimgeukia. "Dawa ni tatu. Hii ya kuzuia degedege. Hivi vikubwa ni vya kuua wadudu, ale kwanza chakula chenye mafuta. Na hivi vyeupe vidogo ni vya kuzuia uvimbe. Mdudu akifa kichwani hafi kimya, ubongo unamkasirikia unavimba. Kwa hiyo vikubwa na vyeupe vinakwenda pamoja. Vyeupe vitamtia njaa, asishangae. Visikatwe mpaka mimi niseme, na nitavipunguza kidogo kidogo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na Ramadhani hii asifunge."

Aliondoka, ameitwa kitanda cha mwisho. Muhidini akamshika mkewe mkono akauminya mpaka ukauma.

"Mama Adila. Neno lile liishie hapa. Hata Zaina asilijue."

Zaina ni dada yake Muhidini, nao waliishi ua mmoja. Kumficha Zaina neno ni sawa na kuficha moshi. Lakini Mwanaasha akaapa.

Kwa siku za kwanza, nyumbani, dawa ilikuwa rafiki. Muhidini hakuanguka tena. Kichwa kilimpoa. Ila njaa! Subhanallah, njaa ile haikuwa ya kibinadamu. Alimaliza muhogo wa asubuhi akauliza kilichobaki. Alikula wali na samaki, akakomba chungu, akala na ukoko. Na Ramadhani ikawa imeandama.

Mwanaasha alimpikia mchana huku mwenyewe amefunga, akamlisha chumbani, pazia limeshushwa, redio imefunguliwa ili watu wasisikie kutafuna. Hakukaa kitako siku nzima. Akienda kisimani anawaza nani ameingia nyumbani. Akiwa nyumbani anawaza kisimani wanasema nini. Wageni walipouliza ugonjwa, alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Walipouliza mara ya pili, alisema ni presha.

"Wifi," Zaina alimwambia mlangoni, pua imeinuliwa, "hii harufu ya samaki wa kukaanga saa hizi ni ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani anayekula kuliko mzima? Mimi nilidhani mgonjwa hukosa hamu."

"Ni dawa, wifi."

"Dawa!" Zaina akacheka kidogo, akaenda zake. Watoto uani wakaanza kuimba, "Kobe, kobe, mla mchana!" Zaina aliwasikia, hakuwakataza.

Kisha uso. Uso wa Muhidini ulikuwa mrefu, mkavu, wa mtu wa jua. Ukaanza kujaa. Mashavu yakaumuka, kidevu kikapotea, macho yakawa madogo. Alijitazama kwenye kioo cha kabati akakigeuzia ukutani.

Bintiye Adila ndiye aliyeona wa kwanza kwamba kuku hawaji tena. Aliona msichana anapita mbele ya mlango wao na jogoo kwapani, anawaamkia vizuri tu, shikamoo mama, shikamoo baba, na anaendelea mpaka kwa Mwishehe, aliyejifunza kuchinja juzi na hata kunoa kisu hajui. Mke wa yule mzee wa Vigwaza alikuwa na shoga yake Kiwangwa. Wodi haina siri.

Alasiri moja akaja Mzee Mwinyijuma, msimamizi wa msikiti. Alikaribishwa mkekani, akakaa na kofia mkononi, macho yakikwepa uso wa Muhidini.

"Tunakuombea dua, mwanangu."

"Ahsante, mzee."

"Nasi wazee tumezungumza. Idi inakaribia, na wewe bado hujapata nguvu. Tukasema Mwishehe ashike kisu. Kwa muda. Upumzike."

"Mkono wangu hauumwi, mzee. Kichwa ndicho kilichoumwa."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini watu, Muhidini. Watu wana maneno, na sisi hatuwezi kumpa mtu nyama halafu roho yake isite."

"Isite kwa nini?"

Mzee akavaa kofia. "Mungu akupe afueni," akasema, akatoka hata kahawa ya kufuturia hakuahidi kuja kuinywa.

Muhidini aliingia chumbani. Alimwomba Mwanaasha chakula. Alikula huku machozi yakimdondokea sahanini, hakuacha kula, na mkewe alisimama pale mlangoni akatamani kumpokonya ile sahani na akatamani kumwongezea.

Kesho yake alikwenda dukani kununua tambi. Mbele yake walisimama wanawake wawili, hawakumwona.

"Umemwona alivyonawiri?"

"Nimemwona. Kitu chenyewe kinamtokea usoni. Bado pua tu."

Wakacheka kicheko kile cha kufunika mdomo kwa khanga. Mwanaasha aliacha tambi, akarudi njia nzima akikimbia na huku anajifanya hakimbii. Aliingia chumbani. Muhidini amelala, mdomo wazi, mashavu yamemeremeta kwa jasho. Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo yeye naye alikiona walichokiona wale wanawake.

Akachukua mfuko wa dawa, akaumwaga kitandani. Vikubwa vya kuua wadudu: hivyo vibaki, adui afe, tena afe upesi. Vya degedege vibaki. Vile vyeupe vidogo akavitazama sana. Daktari alisema ni vya kuzuia uvimbe. Kuzuia uvimbe! Na mtu huyu hapa, anavimba mbele ya macho yake. Tangu lini dawa ya uvimbe ikamvimbisha mtu? Ama daktari alikosea, ama vilishafanya kazi yake na sasa vinaharibu. Na njaa ni ya hivyo, alisema mwenyewe. Vikitoka hivi, njaa itatoka, uso utarudi, mtu atafunga, na midomo ya watu itafungwa. Mwanaasha hakuwa mjinga. Hesabu yake ilikuwa imenyooka kabisa, ila ilianzia pasipo pake.

Akavifunga kwenye pindo la khanga.

"Daktari amepiga simu," alimwambia Muhidini alipoamka. "Vyeupe vimetosha. Hivi vya aina mbili utameza wakati wa daku na futari. Na ukijisikia, unaweza kufunga."

Muhidini alimtazama muda mrefu.

"Alhamdulillahi," akasema.

Alifunga. Ukimwona ungedhani amerudi kutoka hija. Njaa ilitulia, akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini akaswali tarawehe. Watu wakamsogelea kidogo. Mwanaasha alisikia kwa mara ya kwanza tangu lini sijui mumewe anacheka barazani. Zaina alileta uji wa pilipili manga kwenye bakuli yake nzuri. "Sasa huyu ndiye kaka yangu," akasema. Mwanaasha akacheka naye, na vidonge vikamgusa kiunoni alipoinama kupokea bakuli.

Kichwa kilianza kama kamba inayokazwa. Muhidini akasema ni saumu. Siku iliyofuata akatapika daku yote. Akasema ni maharage. Mwanaasha alishika pindo lake mara kumi, akaliachia mara kumi. Akivirudisha, ile simu ya daktari ilikuwa ya nani? Akasema moyoni, leo Ijumaa, akirudi msikitini nitamwambia.

Hakurudi. Alianguka katikati ya safu, rakaa ya kwanza, na safari hii haikuwa kuanguka na kuinuka. Degedege lilikatika, likarudi, likakatika, likarudi. Walimtoa wakamweka kwenye gari la mpwa wake Mzee Mwinyijuma. Mzee mwenyewe alikaa mbele, Zaina na Mwanaasha nyuma, kichwa cha mgonjwa mapajani mwa mkewe. Njia nzima Zaina alilia na kusoma alichokumbuka. Mwanaasha hakulia. Alikuwa akimhesabia mumewe pumzi.

Daktari Samia alitoka mapokezini akikimbia. Akamfunua Muhidini macho, akayamulika kwa tochi. Akaunyanyua mkono wa kulia, akauacha. Ukaanguka kama mkono wa nguo.

"Alikuwa anameza dawa zote, mama?"

Zaina alikuwa kushoto kwake. Mzee Mwinyijuma kulia, kofia mkononi.

"Zote," Mwanaasha akasema.

"Na vile vyeupe? Bila kuruka?"

"Bila kuruka."

Daktari akakunja uso. "Basi sielewi. Kama alikuwa anavimeza, huu si uvimbe tu, itakuwa kitu kingine. Itabidi nimtume Dar sasa hivi, wamwangalie upya." Akageuka kwenda kwenye simu, anasema na muuguzi maneno ya haraka, na machela ikasukumwa.

Hapo ndipo Mwanaasha alipoona kitu chenyewe kilivyo. Uongo wake unampeleka mumewe barabarani, safari ya Dar, akitibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Upande mwingine kuna watu wawili wamesimama. Akatazama machela, akatazama wifi yake. Miguu ikamwamulia. Aliacha viatu pale pale akamkimbilia daktari ukumbini, akamshika koti.

"Nimesema uongo!"

Watu wote waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka. Alikuwa akivuta fundo la pindo kwa meno. Likafunguka, vidonge vikamwagika sakafuni vikaviringika chini ya mabenchi.

"Hivi hapa. Nilivitoa mimi. Vile vya wadudu nimempa vyote, hivi nikavitoa. Alikuwa anavimba uso, daktari. Watu walimcheka. Nikadhani..."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani."

Daktari Samia hakumgombeza. Alipaza sauti, "Rudisheni machela! Leteni sindano ya uvimbe, sasa hivi!" akakimbia. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Mwanaasha alibaki amepiga magoti, anaokota vidonge kimoja kimoja, sijui vya nini tena. Zaina akamjia juu.

"Umemuua kaka yangu! Umemuua kwa mkono wako!"

"Nimemuua mimi," Mwanaasha alisema, akasimama, "na wewe ulikuwa unahesabu harufu ya samaki mlangoni kwangu. Sikiliza, Zaina. Nawe mzee, sikiliza, uwapelekee watu. Ni mayai ya tegu la nguruwe. Ya nguruwe, ndiyo. Mume wangu hajamla nguruwe hata siku moja. Kala kinyesi cha mtu asiyenawa mikono, kama unavyoweza kula wewe, na wewe, na imamu. Haya, kaseme."

"Astaghfirullah," Mzee Mwinyijuma alinong'ona. "Sasa mbona hamkutuambia, binti yangu?"

"Tungewaambia lini, mzee? Nyinyi mlikwisha ambiana."

Mzee aliigeuza kofia mkononi. Alikaa kwenye benchi.

Muhidini hakufa. Kwa siku kadhaa alilala baina ya huku na kule, kisha akafumbua macho, akaomba maji kwa ulimi mzito. Daktari alieleza: uvimbe umepungua, lakini mshipa mmoja kichwani umeathirika. Mguu huenda ukarudi. Mkono wa kulia, na upande ule wa mdomo, tuombe Mungu, ila msitegemee sana. Dawa ya wadudu imesimamishwa kwanza. Vyeupe vinaendelea, tena vingi kuliko mwanzo. Uso utajaa tena, tena sana.

Mwanaasha alingoja wodi itulie. Zaina alikuwa amekwenda kufua. Akavuta kigoda karibu na kitanda. Maneno alikuwa amekwisha yapanga usiku na mchana.

"Baba Adila, nina jambo. Vile vyeupe..."

"Najua."

"Hujui. Daktari hakupiga simu. Nilikudanganya."

"Najua," Muhidini akarudia, polepole, akilivuta kila neno kutoka upande mzima wa mdomo. "Simu yetu ile moja... ilikuwa imezima. Nilikuwa nimeilalia mimi."

Mwanaasha akamwinamia.

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Ukasema alhamdulillahi."

"Nilitaka kurudi kwenye safu, Mama Adila. Nilichoka kuwa kile walichosema. Nikaona, likija la kuja, lije nikiwa nimefunga."

Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, Mwanaasha. Alijiandaa kutukanwa, kupewa talaka, kuombewa laana. Hili hakujiandaa nalo. Wiki nzima alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake, hali, halali, kila akifumba macho anamwona maiti, kumbe mwenyewe alikuwa ameshika upande wa pili! Ilimpasa apumue. Badala yake hasira ikampanda kutoka nyayoni.

"Ungeniacha mjane!" alisema, na hakuishusha sauti. "Mimi na Adila! Kwa ajili ya Bi Mgeni? Kwa ajili ya wale wa dukani? Watu ambao hata kukugeuza ubavu walikataa! Mimi nilikuwa mjinga, nilikosa, Mungu ananijua. Wewe ulijua, Muhidini. Ulijua ukanyamaza ukaniachia mimi nikuue!"

"Mama, taratibu," muuguzi alisema kutoka mlangoni. "Kuna wagonjwa, na watu wamefunga."

"Nimewaona."

Muhidini alikuwa akilia kwa jicho moja, jingine likimtazama tu. Alijaribu kuunyanyua mkono wa kulia kujipangusa, ukatikisika juu ya shuka, ukabaki pale pale. Wakautazama wote wawili, mkono ule.

Ilikuwa saa saba mchana. Wodi nzima ilikuwa macho. Mwanaasha alifungua chupa ya uji, akamimina, akavihesabia vidonge vyeupe kiganjani mwake mwenyewe, akavipandisha mbele ya macho ya mumewe.

"Fumbua mdomo."

"Watu wanatazama."

"Watazame."

Muhidini akafumbua. Akameza, akakohoa, akafumbua tena. Uji ukamchuruzika upande ule uliolala, Mwanaasha akaufuta kwa ncha ya khanga, akachota mwingine.